Tunaenda Lushoto watu saba, tupike nini kabla ya kuondoka?

Likizo ya Juni hiyo inakuja, na karibu kila ujumbe ulioingia mezani kwetu mwezi huu unauliza kitu kimoja: familia inataka kutoka kidogo ila hela ya chakula inatisha kuliko hata nauli. Nimechagua maswali matano. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana ndani yake wengi mtajikuta, mengine nimeyapitia haraka.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tabata. Mwaka jana tulienda Bagamoyo siku nne tu, nyumba ya kulala tulilipa laki mbili na nusu afu chakula kikala laki tano na ushee, mpaka leo mume wangu akisikia neno likizo anabadilisha mada. Mwaka huu tumepata nyumba Lushoto, ina jiko la gesi la pleti mbili na friji ndogo, tunaenda na Noah ya shemeji, tuko watu saba pamoja na mama mkwe, tunalala usiku tano. Nyumbani friza ninayo. Nataka nipike kabla ila sijui nianzie wapi, na mume wangu anasema kubeba masufuria ni mambo ya kizamani tutakula huko huko. Naomba unisaidie. (Mama Wanne, Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujagusa sufuria, kaa na baba watoto mchukue karatasi mkumbuke ile laki tano ya Bagamoyo ilipitia wapi. Mimi nakisia haikwenda kwenye chakula cha usiku mlichokaa mezani mkakifurahia, ilikwenda njiani, ikaenda jioni ile mliyofika mmechoka watoto wanalia njaa mkaingia mgahawa wa kwanza mliouona, na ikaenda kwenye soda, maji, biskuti na chipsi za kila mtoto anaposema nina njaa. Familia nyingi zinavuja hapo hapo. Kwa hiyo ukiziba hizo sehemu tatu tu umeshaokoa sehemu kubwa, huna haja ya kupika milo yote ya siku tano, na ukijaribu kupika yote utafika Lushoto umechoka kuliko ulivyoondoka, likizo ikawa ya wengine wewe ukawa mpishi wao.

Tuanze na njia. Mkishuka kula watu saba, sema sahani ya chipsi kuku ni 8,000, mara saba hiyo ni 56,000, na soda bado, maji bado. Kwa 56,000 hiyo hiyo nenda sokoni kwako utapata kuku wawili wa kisasa, unga wa ngano kilo mbili, trei la mayai na mafuta ya kupikia na bado chenji inarudi, na chakula chake kinawatosha njiani na chai ya asubuhi ya kesho yake. Hiyo karatasi mwonyeshe mume wako, usibishane naye kwa maneno.

Chakula cha njiani kiwe kikavu, cha kushika mkononi, kisichomwagika. Chapati ulizopika jioni ya jana, ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunika maana ukizifunika za moto zinatoa jasho na hapo ndo zinapoanza kuchacha. Kuku wa kukaanga mkavu au wa kuchoma. Na mayai ya kuchemsha. Kuku na mayai vikishapoa vilale kwenye friji na asubuhi viingie kwenye kulboksi, visikae kwenye kikapu. Mayai usimenye, ganda lake ndo kifungashio chake. Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, karanga za kukaanga, ndizi mbivu. Mandazi pia ila usiweke nazi, ya maji na iliki kidogo yanakaa vizuri siku mbili, ya nazi yaliwe asubuhi ile ile. Vitumbua hivyo hivyo, ni vitamu ila sio chakula cha kubeba mchana kutwa kwenye gari la joto. Kachumbari na mayonizi viache nyumbani kabisa. Machungwa usibebe, mtayakuta mbele huko Segera na Korogwe yamepangwa barabarani, yanatoka Muheza hapo jirani na bei yake huwezi kulinganisha na ya Dar.

Sasa hapa kuna kitu nataka ukizingatie sana. Mkiondoka saa 11 alfajiri, pangeni mle Segera, inaweza kuwa saa nne hivi kutegemea foleni ya Kibaha na Chalinze, na mkishakula hapo basi, msile tena kitu kizito mpaka juu. Mkifika Mombo mnaiacha barabara ya Arusha mnaanza kupanda, zile kona za kwenda Soni hadi Lushoto ni za mlima kweli kweli, mtoto aliyejaza tumbo mafuta na soda pale Mombo atatapika na mtasimama kila kona. Kipande cha tangawizi cha kutafuna au chai ya tangawizi kwenye chupa inasaidia, na mama mkwe mkalisheni mbele.

Jioni ya kufika. Hii ndo inayokula hela kuliko zote kwa sababu hakuna mtu mwenye nguvu ya kupika, na Juni Lushoto ni baridi, watoto wa Dar watatetemeka. Supu ya moto ndo jibu. Wiki moja kabla chemsha nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kilo mbili hivi kwa watu saba, kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka ilainike kabisa, kumbuka mama mkwe na meno yake, afu igandishe pamoja na supu yake kwenye kontena mbili. Mkifika mnunue mkungu mdogo wa ndizi na viazi hapo hapo, mnamenya, mnatumbukiza kwenye ile supu ikishachemka vizuri, nusu saa watu wanakula. Kontena ya pili inabaki friji kwa kesho.

Baada ya hapo pika misingi miwili tu ya kugandisha. Msingi wa kwanza ni maharage. Lushoto mji uko juu kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage ambayo Tabata yanaiva kwa saa mbili kule yatakusumbua na yatamaliza gesi ya wenye nyumba. Yaloweke usiku, yachemshe nyumbani mpaka yaive, yapoze, yagawe kwenye kontena za kutosha mlo mmoja mmoja, yagandishe. Msingi wa pili ni rosti: kata vitunguu vingi, kaanga mpaka viwe na rangi ya kahawia, weka tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, nyanya za kutosha, acha ichemke taratibu mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Nazi usiweke, ukitaka nazi utaweka siku ya kupika. Gawa kwenye kontena ndogo nne. Hiyo rosti ndo itakuokoa, maana kazi ya jikoni inayochosha ni kumenya na kukaanga vitunguu, ukiwa nayo tayari unaweka maharage ni mboga, unaweka njegere na viazi ni mboga, unaweka mayai ni mboga, unaweka ile nyama iliyobaki ni mchuzi, yote ndani ya dakika ishirini.

Na tafadhali mboga usibebe! Nasema hivi kwa sababu najua kuna mtu atanunua karoti, kabichi, hoho na viazi Ilala ajaze Noah. Kabichi na karoti nyingi za Dar zinatoka huko huko Usambara, unazinunua bei ya mjini unazirudisha kwao. Nunua soko la Lushoto au pale Soni mkipita, njegere mbichi, karoti, mboga za majani, viazi, na matunda yao ya baridi kama plamu na peasi kama msimu upo. Kwenye gari beba unga, mchele, sukari, majani ya chai, mafuta na viungo vyako ulivyozoea, vile vya dukani huko utavinunua kidogo kidogo kwa bei ya reja reja.

Kuhusu baridi ya njiani. Siku tatu kabla gandisha maji ya kunywa kwenye chupa za lita moja na nusu, usijaze mpaka juu maana barafu inavimba chupa inapasuka. Bonge kubwa la barafu linakaa muda mrefu kuliko vipande vidogo, na likiyeyuka ni maji ya kunywa, hujalipia kitu. Kwenye kulboksi, wengine mnaita deli, chini kabisa weka nyama, maharage juu yake, rosti, chupa za barafu zizungushe pembeni na juu, na kuku na mayai ya njiani vikae juu kabisa muwe mnavifikia haraka. Lijae, likiwa na nafasi tupu baridi inaisha upesi, jazia hata gazeti au taulo. Liwekwe chini ya kiti kwenye kivuli, sio kwenye keria juani. Na vinywaji vya watoto viwe kwenye chombo kingine, kwa sababu kulboksi ya vinywaji inafunguliwa kila baada ya dakika kumi na ya nyama haitakiwi kufunguliwa ovyo. Mkifika, kilicho bado na barafu kirudi kwenye friji na kilichoyeyuka kabisa kiliwe kwanza, usikigandishe tena.

Wale mnaosoma hapa mkasema sisi friza hatuna, ombeni sehemu kwa jirani au kwa duka la soda la mtaani, mengi wanakubali kwa shukrani ndogo. Na umeme ukikatika msiwe na haraka ya kufungua kuangalia, friza iliyojaa ikiachwa imefungwa inashika baridi mpaka kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Hata bila friza kabisa kuna kazi unaweza kufanya: dagaa wa kukaanga wakakauka vizuri, karanga za kusaga, viungo vya pilau vilivyosagwa pamoja, unga wa mandazi uliochanganywa tayari na sukari, hamira na iliki unasubiri maji tu. Vyote hivyo havihitaji barafu.

Kazi igawe kwa wiki mbili. Wikiendi ya kwanza maharage na rosti, mshahara ukitoka, wikiendi ya pili nyama, siku tatu kabla barafu, jioni ya mwisho chapati, kuku na mayai. Ukifanya hivi hela haitoki kwa mkupuo. Mpigie mwenye nyumba umuulize mambo matatu, mtungi wa gesi umejaa, sufuria kubwa ya watu saba ipo, na kisu kinakata, maana nyumba nyingi za kupangisha zina visufuria vya watu wawili. Kama hakuna beba sufuria lako kubwa moja na kikaango.

Na zamu zipangwe kabla ya kuondoka. Baba watoto achukue chai ya asubuhi siku zote tano, kuchemsha maji na kupasha chapati sio kazi ya kumshinda mtu, watoto wakubwa waoshe vyombo, wewe upike mlo mmoja kwa siku. Hili nalisema kwa moyo kabisa, nimewaona kina mama wengi wanarudi likizo hawana hata picha moja waliyopigwa nje ya jiko. Ile hela iliyobaki nayo itumieni kwa raha siku moja, nendeni Irente, ni karibu tu na mji, pale shambani wanauza jibini, mkate na jamu wanayotengeneza wenyewe, mnanunua mnakwenda kula mkiangalia bonde lote chini mpaka barabara ya Mombo. Mama mkwe atafurahi kuliko chipsi yoyote.

SWALI: Sasa aunty. Sisi ni familia ya watu watano hapa Nairobi, Agosti watoto wakifunga shule tunashuka Diani na gari yetu, tumebook kotegi iko na kitchen kubwa na friza. Nataka kubeba nyama, kuku, samaki, chapo na githeri zote zikiwa zimepikwa huku juu, maana nimesikia bei za Diani ni za watalii. Ni sawa? (Mama Njeri si jina langu, Nairobi)

JIBU: Karibu sana ndugu yetu wa Nairobi. Nyama na kuku beba, chapo beba, githeri iliyochemshwa tu bila kukaangwa beba, ila samaki tafadhali usibebe kwenda baharini. Kuku mkate vipande, mpake limau, kitunguu saumu na pilipili manga, mgandishe mbichi akiwa ndani ya hivyo viungo, atakuwa anajilowesha huku anakusaidia kama barafu njiani. Mbichi akae chini kabisa kwenye kontena isiyovuja, vilivyopikwa juu yake, visigusane. Nairobi mnaondoka kwenye baridi ya Agosti mkajidanganya barafu itatosha, mkifika Mtito Andei na Voi joto linabadilika ghafla na bado Mombasa iko mbele, na kutoka hapo kuna kuvuka na feri ya Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, kwa hiyo barafu weka mara mbili ya unayodhani. Chapo zigandishe zikiwa zimepoa, katikati ya kila moja weka karatasi ya kuokea zisishikane, asubuhi unatoa zile za siku hiyo tu.

Kuhusu bei, hizo za watalii ziko barabara ya ufukweni kwenye supamaketi. Wenyeji wananunua Ukunda, ni mwendo mfupi tu, mboga, nazi, maembe, mihogo, na sukuma yenu mtaikuta. Kama mnapitia Mombasa mjini asubuhi Kongowea ni soko kubwa na bei yake ni ya jumla. Samaki ulizieni wavuvi wenyewe asubuhi, ila mjue Agosti bado ni kipindi cha kusi, upepo unavuruga bahari, vyombo vidogo haviendi mbali na samaki hupungua bei ikapanda, kwa hiyo msijengee bajeti yenu samaki kila siku, wekeni milo miwili tu ya samaki na mingine ile nyama mliyobeba. Na kitu wengi wa bara hawakijui, kotegi nyingi za Diani kuna mpishi unaweza kumwita kwa siku, wewe unanunua vitu yeye anapika. Hesabu yake kwa watu watano ni nafuu kuliko kwenda hoteli, na samaki wa nazi wa mpishi wa Kidigo hutampika wewe kwa kusoma gazeti letu. Mwite siku mbili za samaki, siku nyingine mle vya friza.

Jambo la mwisho kwako, tangu Juni 2020 Kenya imekataza plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa, kwa hiyo mkipanga kwenda Shimba Hills au hifadhi ya baharini msibebe chupa za maji za kutupa, vikombe na vijiko vya plastiki. Bebeni vya nyumbani vinavyooshwa, vya nyumbani tena ni bure.

SWALI: Dada, Idi iliyopita tulipika pilau usiku tukaiacha kwenye sufuria, asubuhi tukaipasha moto sana tukaweka kwenye hotipoti tukaenda nayo Pangani. Mchana tumekula, jioni nusu ya familia wanatapika. Nyama ilikuwa nzuri na tuliipasha mpaka ikatoa moshi. Tulikosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Poleni sana, na naomba kila mtu anayebeba wali asome hapa. Watu wengi hulaumu nyama, ila kwa jinsi ulivyoeleza mimi namshuku wali. Kwenye mchele kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, zinabaki ndani ya wali uliopikwa. Wali ukikaa kwenye joto la kawaida, na joto la usiku wa Tanga mnalijua, zinaamka zinaongezeka na zinaachia sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa moto, unaweza kupasha mpaka uungue na bado ikakutapisha ndani ya saa chache. Ndo maana pilau inaweza kunukia vizuri kabisa na bado ikawaangusha watu.

Njia salama ziko mbili. Ya kwanza, amka mapema upike alfajiri, mimina maji yanayochemka kwenye hotipoti ikae dakika kumi, yamwage, weka pilau ikiwa ya moto kabisa, funga, usifungue fungue, mle ndani ya saa nne. Chakula kikiwa juu ya nyuzi 60 bakteria hawaongezeki, kikishuka kikawa vuguvugu ndo wanasherehekea. Ya pili, kama lazima upike usiku, pilau ikiiva itandaze kwenye sinia ipoe haraka, ndani ya saa moja au mbili iwe kwenye friji kwenye vyombo vifupi, isafiri kwenye barafu, ipashwe huko huko mara moja na iliwe yote. Sufuria kubwa lililofunikwa linashika uvuguvugu usiku kucha, hata ukiliingiza friji zima zima katikati yake inabaki ya joto. Wali wa nazi ndo kabisa, huo pika na ule siku hiyo hiyo. Na kama hamna njia ya kufanya haya, bebeni mkate, chapati au viazi, pilau mtapika mkirudi.

SWALI: Habari. Mimi ni baba, tumepata ofa ya hoteli Zanzibar usiku tatu na chai ya asubuhi. Mke wangu anataka kubeba hotipoti na kulboksi mpaka hotelini, mimi naona aibu, watu watatuonaje? Watoto wetu ni wadogo, miaka 3 na 6. (Baba Wawili, Mwanza)

JIBU: Nzuri kaka. Aibu ya kubeba chakula cha watoto wako mwenyewe iondoe kabisa moyoni, hakuna mgeni atakayekumbuka hotipoti yako. Ila kwenye hoteli mke wako naye asikilize, nyingi haziruhusu chakula cha nje kwenye chumba au kwenye bwawa, na vyumba havina jiko, kwa hiyo kupika siku tatu kabla hapa hakuna maana. Pigeni simu muulize mawili, chakula cha watoto kinaruhusiwa, na chumba kina friji na birika la maji ya moto.

Mnachoweza kutayarisha ni vitafunwa vya watoto, maana ndo vinavyomaliza hela hotelini. Visheti, kashata, karanga, mandazi makavu, ubuyu, na matunda ya kununua Darajani. Chai ya asubuhi iliyolipiwa kuleni vizuri na mkachelewe kidogo kwenda, mchana watoto wapate vitafunwa vyao, afu mlo mmoja mkubwa jioni mkaule nje ya hoteli. Forodhani jioni ni pazuri kwa familia ila ulizeni bei kabla ya kuonyesha kidole. Mitaa ya ndani ya Mji Mkongwe na Michenzani kuna urojo na mishkaki kwa bei ya wenyeji, watoto wenu wataipenda ile ya pilipili kidogo.

SWALI: Tunatoka Arusha siku moja kwenda kreta ya Ngorongoro na watoto wa shangazi wanaotoka Dar. Chakula cha mchana tubebe? (Kijana wa Sakina, Arusha)

JIBU: Bebeni kila kitu mkiwa bado Arusha, na mkisahau kitu Karatu ndo mji wa mwisho wa kununua kwa bei ya kawaida kabla ya geti. Kila mtu afungiwe chake kwenye kontena yake yenye kifuniko, chapati imekunjwa na yai, kuku, chungwa, maji, ili msiwe mnapakua kwenye upepo. Pale Ngoitokitok kwenye bwawa la viboko ndo watu wengi hushuka kula, na kuna mwewe wamezoea, anashuka kutoka nyuma anaondoka na paja la kuku mkononi mwa mtoto, na kucha zake zinakwaruza vibaya. Kwa hiyo watoto wale chakula ndani ya gari madirisha yamefungwa, wakimaliza ndo washuke kuangalia viboko. Mifupa na maganda yote yarudi nayo Arusha, msimtupie mnyama wala ndege chochote, ni kosa na pia ndo mnavyowafundisha kunyang'anya wengine. Mchukue na masweta, juu ukingoni asubuhi kuna baridi na ukungu, na chupa mbili za chai ya maziwa ya moto mtazishukuru mkisimama kwenye kituo cha kuangalia kreta kabla ya kushuka.